Mfuko wa Kulia

Suruali ilikuwa tupu, na bado mfuko wake wa kulia ulituna.

Fundi aliupiga pasi mara ya tatu. Kitambaa kililala, kikanywa mvuke, kisha kikaanza kuinuka polepole kama unga uliotiwa hamira: kwanza kitako kifupi, halafu mtutu wa bastola. Akaingiza mkono. Hamna kitu. Akaitoa bitana nje, akaikung'uta. Hamna.

"Macho yamechoka," alijiambia. Na kweli yalikuwa yamechoka. Tangu afiwe na mumewe miaka sita nyuma, alikuwa akishona kutwa, hata sindano moja ikaanza kumwonekea mbili.

Suruali ile ilikuwa ya mlinzi wa tajiri mmoja, mtu mzima, mpole, anayefanya kazi bila sare. Aliileta mwezi uliopita na ombi moja. "Mama, nataka umbo la bastola lisionekane. Bosi hapendi watu wajue ninayo." Pembeni mwa mfuko palikuwa na tundu lililoungua. "Sigara hiyo," alisema kabla hajaulizwa.

Fundi hakuhoji. Kazi yake ilikuwa nguo, si wenye nguo. Aliziba tundu, akaupanua mfuko vidole viwili, akatia ndani kile kitambaa kigumu cha kola na bitana mbili juu yake. Mlinzi alipotembea mbele ya kioo na bastola mfukoni, haikuonekana hata kidogo.

Baada ya siku nne alirudi. "Inaonekana, mama." Akaongezewa bitana. Akarudi tena, amekonda, macho mekundu. "Bado." Jana alirudi mara ya tatu, akaiacha suruali mezani na kuondoka.

"Wifi, njoo uone," Fundi aliita.

Wifi yake, dada wa marehemu, ndiye aliyekuwa akishona vifungo na pindo pale dukani, na mdomo wake haukupumzika. Aliitazama suruali, akaangua kicheko. "Hii ina mimba, wifi! Mtafute baba yake." Kisha kicheko kikakatika. "Umeunguza nini?"

Pasi ilikuwa imezimwa. Lakini harufu ya kitambaa kilichoungua ilijaa chumba, na chini yake harufu nyingine, ya chuma na ngazi zenye unyevu.

Ilikuwa saa saba mchana, jua limewaka, watu wanapita mlangoni wakizungumza, na ndipo Fundi alipoona kwamba gauni la bibi harusi lililotundikwa ukutani limetuna ubavuni, na kaptula za shule nazo, na koti la mwalimu, na aproni yake mwenyewe aliyoivaa, ikimlemea pajani kwa uzito wa kitu baridi asichoweza kukishika, na cherehani ambayo hakuna aliyeigusa ikagonga mara moja tu, ta!, na wifi yake akaanguka chini kama mzigo ulioachiwa.

Alipofumbua macho, sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

"Mmezidi kuziba. Fungueni."

Fundi alimfuata mganga wa mtaa wa pili, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, aliyekuja akihema na kujitupa kwenye kiti. Mlinzi naye alikuwa ameshafika kuichukua suruali yake, amesimama mlangoni, amevaa nyingine kabisa. Mfuko wa kulia ulituna.

"Bastola iko wapi?" Fundi alinong'ona.

"Nimeirudisha. Wiki mbili sasa, na kazi nimeacha." Aliugeuza mfuko nje. Mtupu. Alipourudisha, umbo likarudi. "Kila nguo, mama. Hata shuka ninayojifunika."

Mganga aliinama juu ya wifi. "Wewe ni nani? Unataka nini kwa mwanamke huyu asiye na kosa?"

"Mimi ni mwenyeji wa ngazi," ilisema sauti. "Nililala pale kabla jengo halijajengwa. Huyu aliyesimama mlangoni alinimwagia damu usingizini. Damu nimeizoea, huja ikakauka. Lakini juu yake akamwaga uongo, na uongo haukauki. Siwezi kulala. Wala yeye hatalala."

Mganga alimgeukia mlinzi. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Hapa ubani wangu hautafanya kitu, baba. Sema."

Mlinzi aliketi sakafuni katikati ya vipande vya nguo. Alisema polepole. Mtu alikuwa akipanda ngazi, yeye na bosi wanashuka. Mtu akatia mkono kifuani mwa ovaroli. Mlinzi alifyatua bila kuitoa bastola mfukoni. Kumbe mtu yule alikuwa fundi bomba, ameitwa kuziba bomba linalovuja, na mkononi alishika karatasi yenye namba ya chumba. Bosi ndiye aliyeweka kisu kando ya maiti. "Nami nikaapa mbele ya polisi kwamba ni jambazi."

"Ana mke?" Fundi aliuliza.

"Anaye. Nyumba yake naijua."

"Basi simama."

Walimwacha wifi na mganga, wakaenda kwa miguu, Fundi na mlinzi, jioni ile ile. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwembamba mwenye sabuni mikononi. Ukutani mwake mtu alikuwa ameandika kwa mkaa: MKE WA JAMBAZI. Palikuwa na alama za kusugua, na maandishi yamerudiwa juu yake.

Mlinzi alisema yote, akitazama chini. Mwanamke hakulia.

"Mume wangu alisema neno?"

"Alisema, 'Subiri, karatasi ninayo.'"

Mwanamke akatazama nyuma ya migongo yao. Majirani walikuwa uani, wanaanua nguo, wanajifanya hawasikii.

"Rudia," alisema. "Kwa sauti. Wasikie hawa."

Mlinzi alirudia. "Tena," akaambiwa. Mara ya tatu alipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama, majirani wakaacha kamba za nguo wakamtazama, na Fundi, aliyekuwa hatua moja nyuma yake, akaona mfuko ukishuka, ukanywea, ukawa mfuko wa suruali tu. Upepo wenye harufu ya ngazi mbichi ukampita usoni, ukaenda zake.

Mlinzi alijipapasa paja. Akaanza kulia kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Utalia baadaye," alisema yule mwanamke. Alijifuta sabuni kwenye kanga, akavaa ndala zake. "Kituo cha polisi hakiko mbali. Tangulia."