Mimba Iliyotangulia Siku Zake

Nesi Rebeka alipima tumbo la Nilza mara tatu. Kila mara aliupitisha utepe upya kutoka kinenani hadi pale tumbo linapokomea, kisha akaitazama kadi ya kliniki kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine.

"Hedhi yako ya mwisho ulisema tarehe nne Aprili?"

"Ndiyo, sista."

Kwa tarehe hiyo, mimba ilikuwa ya wiki ishirini. Utepe ulisema thelathini. Rebeka akamwambia huenda ni mapacha, arudi baada ya wiki mbili.

Nilza alitembea kurudi nyumbani akihesabu kwa vidole. Wiki thelathini zilimrudisha Januari, na Januari mumewe Jaime alikuwa Palma, ng'ambo ya mto Ruvuma, kwenye kazi ya ujenzi. Alirejea nyumbani Kitaya mwishoni mwa Machi. Mama mkwe wake, Carlota, naye alijua kuhesabu. Hakumtukana. Aliacha tu kula chakula kilichopikwa na Nilza, na Jaime akahamishia mkeka wake barazani.

Baada ya wiki mbili utepe ulisoma thelathini na sita. Rebeka akampeleka Mtwara mjini kupiga picha ya tumbo. Daktari akaona mtoto mmoja, mzima, wa wiki ishirini na mbili kamili. Nyuma ya mtoto palikuwa na kiza ambacho mashine haikukipenya, na daktari alipokigandamiza, kikasogea. Njiani kurudi, Rebeka alinong'ona kwamba yeye ni mtu wa hospitali, lakini Nilza aende kwa Bibi Mwanakombo, mganga wa kijiji, na asichelewe.

Bibi Mwanakombo aliuliza jambo moja: Januari kulitokea nini? Nilza akasimulia kwamba adhuhuri moja alikuwa akifua peke yake, mto umefurika, akasikia sauti ya Jaime ikimwita kutoka ng'ambo. Alijua Jaime hayuko pale. Lakini upweke ulikuwa umemchosha, akajibu: nipo, njoo.

"Ulimkaribisha," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Akaja. Miezi yake ikitimia atatoka yeye kwanza, na mtoto wako hatapata pa kupita."

Kesho yake saa sita mchana bibi alifika na chetezo, akaamuru watu wote waondoke na mtu asikanyage mlangoni. Jaime akaenda shambani. Carlota alitoka naye, kisha akarudi kimyakimya, akasimama kizingitini, maana alitaka kusikia kwa masikio yake mimba ile ni ya nani.

Ubani ulipokolea, bibi akamtaka Nilza ataje siku ya mtoto mwenye haki. "Tarehe nne Aprili," Nilza akasema. Tumbo likakaza kama ngoma iliyoanikwa juani, na humo ndani, polepole, kwa sauti ileile ya Jaime, kitu kikajibu, "Wiki zangu zimebaki tatu," na harufu ya tope la mtoni ikajaa chumba hadi ubani haukusikika tena, na maji ya baridi yakaanza kutiririka sakafuni bila kuonekana yatokako, na bibi akazidi kusoma, na Nilza akazidi kuitaja tarehe yake, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa kulia, mpaka akahisi kitu kirefu kinamvuka magoti na kushika njia ya mlangoni.

Kikaondoka. Alama ya maji ilifika kizingitini. Nje, vumbi lilikuwa kavu.

Jumatatu Rebeka alipima: ishirini na tatu, sawasawa na kadi. Akaandika huku akitabasamu. Jaime aliomba radhi, akarudisha mkeka ndani.

Wiki moja baadaye, asubuhi, Nilza alimkuta mama mkwe wake nyuma ya nyumba, amepiga magoti, akibandua udongo wa ukutani na kuula. Carlota alikuwa na miaka sitini na mitatu. Hakushtuka. Alijifuta mdomo, akamshika mkono Nilza, akauweka juu ya tumbo lake mwenyewe, lililokuwa gumu na la baridi.

"Wewe hesabu unaijua, mwanangu," akasema taratibu. "Hii ni ya miezi mingapi?"