Mita Iliyopanda

Kila asubuhi mama alipakia mikate kwenye bajaji huku binti yake wa darasa la sita akihesabu kreti. Wiki hiyo bajaji ilikuwa ya umeme, badala ya ile ya petroli. Muuzaji aliwaazima waijaribu, na Jumamosi mama alitakiwa kutoa jibu: ananunua au anaacha. Akiba yake ya miaka mitatu ilingoja jibu hilo.

"Kazi yako ni moja tu," mama alisema Jumatatu. "Jioni nikichomeka chaja, soma mita. Asubuhi nikichomoa, soma tena. Andika."

Jioni hiyo binti alinogewa na tamthilia. Asubuhi akachelewa kuamka. Jumanne na Jumatano yakawa yale yale. Alhamisi, mama alipoulizia daftari, binti alijifungia chumbani akajaza namba zote mara moja.

Mama aliketi mezani na kikokotoo. Ghafla akasita, akamwita binti.

"Profesa, hebu njoo. Jioni arobaini, asubuhi arobaini na tano?"

"Ndiyo, mama. Ilikula uniti tano."

"Ikala, halafu zikaongezeka?"

Binti alilivuta daftari, akazitazama namba upya.

"Wewe mtoto! Umeme wetu tunalipia kwanza. Ukitumia, uniti zinapungua! Kama mita yetu inapanda, ya nini kuhangaika na mikate? Tuwauzie umeme mtaa mzima!"

"Nilisahau kusoma, mama. Nikabuni."

"Ulisahau mara ngapi?"

"Zote."

Mama alishusha pumzi. "Na mimi nilikuwa nakwenda kukabidhi akiba yangu kwa namba za kichwani mwako. Haya, toka hapo. Mita iko ukutani, haijahama."

Jioni hiyo binti alikataza kila kitu isipokuwa chaja na taa moja, ili uniti zitakazopungua ziwe za chaja. Hata pasi aliikataza, na kesho yake akaenda shule na sare iliyokunjamana kama karatasi ya kufungia maandazi. Lakini daftarini kulikuwa na namba za kweli: jioni thelathini na moja, asubuhi ishirini na tano.

Ijumaa oda zilikuwa nyingi, chaji ikaisha mchana. Mama akachaji kwenye kituo cha barabarani, akangoja saa nzima huku wateja wakimpigia simu za lawama. Binti aliandika na hiyo.

Wakapiga hesabu pamoja. Chaji ya nyumbani haikufika nusu ya gharama ya petroli. Ya kituoni ilikaribia kulingana nayo.

"Kwa hiyo inafaa?" binti aliuliza.

"Inafaa kwa anayechaji nyumbani na kurudi kabla haijaisha. Nitainunua, ila oda za Ijumaa nitazigawa siku mbili. Kutegemea kituo ni kujitafutia presha."

Kisha akamsogezea daftari.

"Siku nyingine ukisahau, andika 'sikusoma'. Nafasi tupu naiona, nitajua cha kufanya. Namba ya uongo inajifanya ya kweli, na mimi nitaiamini kwa sababu umeiandika wewe."

Binti alikata namba za kubuni, moja baada ya nyingine. Kando ya kila moja akaandika: sikusoma.