Mabaki ya Hidaya

Hidaya ni jirani yetu hapa Kalemie, na kwa kuokota mabaki yake hana mfano. Akishonewa nguo, anaondoka na vipande vyote vya kitambaa. Akisukwa, anaokota nywele zilizodondoka, anazifunga kwenye karatasi na kwenda kuzichoma mwenyewe. Washonaji wanamcheka, naye hajali. Mama yake, Mama Sifa, ndiye aliyemfundisha kwamba kitu kilichotoka kwako hakiachwi mikononi mwa mtu usiyemjua.

Jumanne moja asubuhi alipeleka kompyuta yake kwa Papa Prospère, fundi mwenye kibanda mtaani Kataki. Hidaya ni katibu wa shule, na mashine ile ilikuwa inamtia aibu: ukiiwasha, sombe ya majani ya muhogo inaiva kabla haijafunguka. Prospère akasema ugonjwa ni diski, ile ya zamani inayozunguka na kukoroma. Akanakili kila kitu kwenye diski mpya, SSD nyembamba isiyo na sauti, akaifunga ndani. Hidaya akabonyeza. Kabla hajavuta kiti, mashine ilikuwa tayari. Akacheka kwa raha, akabeba mali yake, akaenda zake. Diski ya zamani ikabaki mezani kwa fundi.

Jioni mama yake akauliza ile ya zamani iko wapi. Hidaya akamjibu kwamba ni chuma tu. Mama Sifa haoni tena, anaona kivuli tu. Humtambua binti yake kwa sauti na kwa mikono. Aliishika mikono ya Hidaya kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Wiki tatu zikapita. Siku moja mchana simu ikalia. Mwanamke, sauti ya chini.

"Mama, miye Philomène, mwalimu wa huku Kirungu. Kuko muntu hapa kwetu, anasema yeye njo Hidaya."

Hidaya akajua ni matapeli. Akauliza wanataka nini. Mwanamke hakutaka kitu. Alieleza tu, kwa kunong'ona, kwamba fundi mmoja wa Kalemie alimtilia diski kwenye kompyuta yake, na tangu siku hiyo kuna mwanamke anakaa mezani kwake. Anakula kidogo, haongei sana. Ana kovu la moto chini ya goti la kushoto. Hidaya akakata simu. Mkono wake ulikuwa tayari umelishika goti.

Hasira zikampanda, maana aliyemwibia sasa alimjua: ni fundi. Akaenda moja kwa moja mpaka Kataki. Prospère hakukana kwamba ile diski aliitia kwenye kompyuta ya mwalimu wa Kirungu. Aliapa tu kwamba aliifuta kwanza, haikubaki hata herufi. Hidaya akamwambia usoni kwamba ni mwongo, kwamba ametoa siri zake na namba yake kwa watu.

Prospère akamtazama. "Namba gani, Mama Hidaya? Miye niko na ile ya zamani. Nilikupigia juzi, haipiti."

Ni kweli. Namba hii Hidaya aliichukua wiki iliyopita. Na lile kovu hakuliandika popote, maishani mwake. Sasa hakuwa na wa kumshuku, na hapo ndipo woga ulipomwingia.

Akampigia Philomène palepale.

"Hayuko," mwanamke akanong'ona. "Alikuwa mezani nikikupigia. Nimegeuka, kiti kitupu. Diski nayo haiko. Asubuhi alisema mama yake anamungojea."

Kutoka Kirungu mpaka Kalemie ni safari ndefu, kwa boti au kwa barabara. Hidaya alijiambia hivyo. Kisha akakimbia. Hakusalimia mtu. Kiatu kimoja kikamtoka njiani, akakiacha.

Mlango ulikuwa wazi.

Mama Sifa alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitana pembeni yake. Mzima. Hidaya almanusura alie. Halafu akakiona kichwa cha mama. Nywele zilikuwa zimesukwa upya, zinang'aa mafuta. Mistari midogo, ikianzia sikio la kushoto. Namna ile ile anayosuka yeye.

"Umesahau nini tena?" mama akauliza, akitabasamu.

Karibu na kitana palikuwa na ile diski ya zamani. Hidaya akainama, akaiokota. Ilikuwa ya moto. Akaibana kifuani kwa mikono miwili, akamshukuru Mungu. Alichokiacha kimerudi, mama yake yuko hai, basi yamekwisha. Aliamini hivyo kweli, kwa muda wa pumzi mbili.

Kisha akautazama mkeka. Safi.

Akainua kitana. Hakina kitu. Akageuza mkeka. Akapapasa sakafu kwa viganja, chini ya kiti, nyuma ya mlango, mpaka kizingitini. Hakuna hata unywele mmoja.

"Mama," akanong'ona. "Nywele zako ziko wapi?"

Mama Sifa akashangaa.

"Si umezifunga kwenye karatasi, mutoto yangu? Umeenda nazo."