Vidonge vya Nkambo Berthe

Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, kabla ya masomo, Cathy alipita kituo cha afya cha kijiji chao, upande wa Koni, kumchukulia nkambo yake Berthe, mama wa baba yake, dawa za shinikizo la damu. Kwao ugonjwa huo huitwa tansiyo. Munganga Osée, muuguzi wa kituo, alikuwa na utaratibu mpya: leta pakiti tupu, upewe nyingine. Hivyo alidhani anajua nani anameza.

Lakini Nkambo Berthe alikuwa mjanja. Alitoa vidonge vyote, akavificha kwenye kopo, akampa Cathy pakiti tupu.

"Leo kichwa hainiume, nimeze dawa juu ya nini?" alisema. "Nachunga hizi kwa siku ya ugonjwa. Na weye, funga kinywa."

Cathy akafunga. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Alhamisi ya mwezi uliofuata Osée alipokea pakiti tupu, akakunja uso. "Jumapili nilimupima nkambo yako kanisani. Tansiyo iko inapanda tu, na dawa anameza! Basi nitamupa za nguvu."

Cathy alibaki mbele ya meza ya dawa. Asubuhi ile, nyumbani, nkambo alikuwa ameangusha kikombe cha chai, kisha akautazama mkono wake kama mkono wa mgeni. Akamwita Cathy kwa jina la shangazi aliyekwisha kufa.

"Mutoto, toka basi!" mzee mmoja alisema nyuma yake kwenye foleni. "Ao unangojea wakuletee kiti?"

Watu wakacheka. Cathy hakutoka.

"Munganga, nilikudanganya. Nkambo hamezi. Anaficha vidonge kwenye kopo."

Osée hakugomba. Alichukua kipimo, akapanda baiskeli, Cathy nyuma. Walimkuta nkambo ameketi mlangoni, mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki. Saa hiyohiyo wakampakia kwenye teksi-basi ya kwenda hospitali ya Likasi.

Nkambo alirudi baada ya majuma mawili, akiburuta mguu kwa kiharusi. Tangu hapo Osée hupita kwa wagonjwa wake kila juma.

"Kosa ilikuwa yangu pia," alikiri siku ya kwanza alipopita, mbele ya nkambo na jamaa. "Nilihesabu pakiti, sikuuliza watu. Tansiyo haingojee kichwa kuuma. Dawa ni ya kila siku, hata siku ya kucheka."

Cathy aliinamisha kichwa. "Nkambo, unisamehe. Nilitoa siri yako."

Ulimi wa nkambo ulikuwa bado mzito, lakini kila mtu alimsikia.

"Ungeniheshimu siku moja zaidi, mwanangu, mungenizika. Mukubwa akikutuma kuficha ugonjwa, usimutii. Sema."

Kisha akanyoosha mkono, akaomba maji ya kumezea.