Supu ya Ijumaa Iliyomfunga Mpwa Wangu

Nuradin aliingia mahakama ya kijeshi na hakunisalimia.

Mimi nilikuwa nimekaa benchi la mashahidi.

"Unamjua huyu mzee?" Meja Ndirangu, kiongozi wa mashtaka, akamuuliza.

"Namjua. Ni kama ndugu yangu."

"Anasema Ijumaa hiyo, saa saba mchana, alikuwa kibandani kwako Kiamaiko na mshtakiwa, wanakunywa supu. Ni kweli?"

Nuradin akamtazama Meja, si mimi.

"Hapana, afande. Opicho amedanganya."

Wasee, ndugu zangu! Miaka ishirini ya urafiki, ananivua nguo mbele ya wanajeshi!

Lakini ngojeni kwanza. Msimtukane Nuradin.

Mshtakiwa alikuwa Griffins, mtoto wa dada yangu Nasambu wa mtaa wa Mbotela. Praiveti, askari wa cheo cha chini, miaka ishirini na nne. Bastola ilipotea stoo ya kambi Ijumaa hiyo, saa saba mchana. Wakasema ni yeye.

Nilimtembelea kizuizini.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa mathe, Mbotela. Nilikuwa off, sina zamu. Nililala tu, mjomba."

"Nani alikuona?"

"Nani anaangalia mtu amelala?"

"Hiyo haitasimama, kijana. Niachie mimi."

"Mjomba, tafadhali... usiongeze chumvi."

Nikaongeza!

Mimi sijui kukaa. Darasa la nne nilisoma Webuye, la tano Kitale, la sita halikunipata. Nimepakia saruji Athi River, nimechunga ng'ombe Isiolo, nimechuna mbuzi Kiamaiko. Mtu wa hivyo hakosi hadithi. Nikaandikisha kwa Wakili Lorine, wakili wetu, kwamba mimi na Griffins tulikuwa kibandani kwa Nuradin tukinywa supu ya kichwa. Nikataka kumwambia Nuradin mapema, lakini siku zile nilikuwa huku na kule, Komarock leo, kesho Dandora. Nikasema, ah, Nuradin ni wangu, hawezi kuniangusha.

Siku ya kesi, Meja akanianza polepole.

"Mzee, unaishi wapi?"

"Kote."

Maafisa watano waliokaa kuhukumu wakacheka. Nikajiona nawaweza!

"Umefanya kazi gani?"

"Niulize ambayo sijafanya, afande."

Wakacheka tena. Griffins hakucheka. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Na supu, nani aliwapakulia?"

"Nuradin mwenyewe, kwa mkono wake."

"Saa saba kamili?"

"Saa saba kamili!"

Meja akafunga faili, akaomba Nuradin aitwe.

Sasa sikieni alivyomalizia.

"Ijumaa saa saba mimi niko msikitini," Nuradin alisema. "Kibanda nafunga saa sita na nusu. Opicho anajua. Alipofanya kazi kwangu, yeye ndiye alibaki nje akichunga mbuzi wangu mpaka tutoke swala."

Mungu wangu!

Miaka mitatu nimechunga mbuzi hao! Kila Ijumaa! Na siku ya kuapa nikasahau!

Kesho yake Wakili Lorine akaleta shahidi mwingine. Jirani wa dada yangu, Kate, anauza chapati. Alikuwa amejileta mwenyewe usiku ule, baada ya kusikia kesi imeharibika.

"Ijumaa hiyo saa saba niliingia kwa Mama Griffins kuazima jiko," akasema. "Mlango ulikuwa wazi. Kijana alikuwa kwa kochi, anakoroma. Nikachukua jiko nikatoka. Sikumwamsha."

Wasee... alikuwa ameonekana!

Meja akasimama bila haraka.

"Jana mliapa alikuwa Kiamaiko. Leo yuko Mbotela. Huyu kijana ana miili mingapi?"

Kate akanitazama. Angejibu nini? Jibu lilikuwa langu.

Griffins akahukumiwa miaka minne jela, na kufukuzwa jeshini.

Dada yangu hakupiga nduru. Aliniwekea ugali kama kawaida, akakaa mbali nami.

"Kaka, umezunguka Kenya nzima," akasema. "Mlango wa jirani tu ulikushinda kubisha?"

Sikula. Nilichukua begi nikafika stendi ya mabasi ya Moyale. Nikapanda. Nikashuka. Nikapanda tena... miguu yangu inajua kutoroka kuliko kusimama.

Dereva akawasha injini. Nikashuka.

Nilienda moja kwa moja kwa Wakili Lorine.

"Andika kwamba nilidanganya," nikamwambia. "Mimi peke yangu. Kijana alinikataza."

"Mzee, kwa rufaa itasaidia. Lakini kuapa uongo ni kosa. Wanaweza kukufunga."

"Andika."

Kwa hivyo ndugu zangu mnaosoma, ukitaka kumwokoa mtu asiye na hatia, peleka ukweli wake jinsi ulivyo, hata kama ni mwembamba. Mimi nilidhani Nuradin amenisaliti. Aliyemsaliti Griffins ni mimi, mjomba wake, na nilifanya hivyo kwa mapenzi.

Rufaa inasikizwa Jumatatu. Nitakuwa pale.

Nimelala karibu kila kaunti ya nchi hii. Wakinifunga, angalau nitajua kukaa mahali pamoja.