Siku ya Nane ya Mtoto wa Mukansanga

Kwanza ilikuwa harufu ya majani yaliyooza, asubuhi kweupe, ndani ya ofisi yenye sakafu kavu ya saruji. Védastine alikagua viatu vyake, akakagua dirisha. Harufu ilitoka kwenye kompyuta.

Yeye ndiye aliyeandika programu ya kutafuta watoto waliopotea vitani, pale Kamembe, mwaka 2002. Hakutaka mashine iseme "kosa" tu kama karani mvivu. Kila kosa alilitengenezea aina yake na jina lake: KosaLaUmri, KosaLaTarehe, KosaLaJinaTupu. Alijivunia majina hayo kama mama mzazi. Asiye na jina hapiti, basi!

Mukansanga, mama mwembamba wa Nzahaha, alikuwa amekataliwa na mashine mara nyingi, kila mara kwa KosaLaJinaTupu, na leo amerudi.

"Maman, jina ya mutoto?"

"Hana. Nilimuzalia mu pori, kule Congo. Siku ya nane, siku ya kumupa jina, tulikuwa mu mbio. Akaniponyoka."

Védastine akaacha nafasi ya jina wazi, akabonyeza. Kioo cha kompyuta kikaandika KosaLaJinaTupu. Chini yake yakajitokeza maneno ambayo hakuna aliyeyaandika: Naam, mama.

Akabonyeza tena, akazima, akachomoa waya ukutani, lakini kioo kikabaki kinawaka, na ndani ya mashine kikaanza kilio chembamba cha kitoto kichanga, kikipanda na kushuka kama kinachobebwa na mtu anayekimbia, mpaka meza ikatetemeka na maji meusi yakachuruzika sakafuni.

"Unasikia?" Mukansanga alinong'ona. "Iko nalia."

Akaitwa Mzee Ntabaza, shehe wa Bugarama, na ubani wake. Alisikiliza, akainama.

"Mutoto alikufa bila jina. Mumupe, ataenda."

Mukansanga akaanguka chini. Miaka yote hiyo alikuwa akitafuta mtoto aliye hai, na uchungu ule hauelezeki.

Wakafanya kama desturi: watoto wa jirani wakala maharage kwenye ungo, kila mmoja akapendekeza jina, mama akachagua Gisa. Védastine akaliandika. Kilio kikanyamaza, wakashusha pumzi.

Kioo kikajibu: Gisa ni nani? Mimi niliitwa zamani, kila siku.

Mukansanga alimtazama Védastine bila hasira.

"Ni weye ulimupa jina. Basi umuite."

Védastine akanong'ona, "KosaLaJinaTupu."

Kitu kidogo, kibichi, kikamshika mguu chini ya meza.

"Naam, mama."