Vumbi la Mlangoni kwa Kina Tumu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tumu alifagia baraza la nyumba yao huko Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Nyumba yenyewe ilikuwa ndani ya kichochoro chembamba sana. Gari halikuweza kuingia humo, na hata mkokoteni ulipita kwa taabu. Majirani waliokuwa wakienda kazini walimpa sabalkheri, naye akaitikia huku akisogeza ufagio ili wapite.

Akimaliza kufagia, alimwamsha mdogo wake, Aidarus, aliyekuwa bado hajaanza shule. Alimwosha uso na kumkalisha mkekani anywe chai kwa mahamri. Siku hizo kumlisha Aidarus kulikuwa kazi. Aling'ata hamri mara moja akaliacha. Alilalamika kwamba tumbo linamsokota, akashinda amejilaza wakati wenzake wanakimbizana nje. Mama alikuwa amempeleka zahanati, akapewa dawa ya minyoo. Aliimeza dawa yote, lakini tumbo halikutulia.

Baba yao, Bwana Shee, alikuwa fundi wa chubwi, yale madonge ya risasi ambayo wavuvi hufunga kwenye nyavu na mishipi ili izame. Alinunua betri kuukuu za magari, akazivunja, akatoa risasi iliyomo ndani na kuiyeyusha uani, katika sufuria iliyokaa juu ya jiko la makaa. Kisha aliimimina kwenye kalibu ya kuipa umbo, akaiacha mpaka ikapoa. Wavuvi walizipenda chubwi zake kwa sababu zilikuwa laini, hazikukata kamba. Aidarus naye alipenda kuketi karibu na baba akizipanga mstari mrefu kama gari-moshi, na mara nyingine alitia moja kinywani akainyonya kama peremende. Mama alimwambia aiteme, lakini hakuna aliyeona hatari kubwa. Tumu alizaliwa akaikuta kazi hiyo. Harufu ya risasi ya moto kwake ilikuwa harufu ya nyumbani.

Mwaka huo wa 1996, Tumu alikuwa darasa la saba katika shule moja ya msingi karibu na Tononoka. Siku moja Mwalimu Musyoka, aliyewafundisha sayansi, aliingia darasani akiwa na mgeni. Alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani na viatu vilivyojaa vumbi. Jina lake lilikuwa Nasipwondi, mtafiti kutoka chuo kikuu huko Nairobi. Mezani aliweka kifaa kidogo kama redio, akakiwasha. Kikaanza kulia taratibu, tik, tik, tik.

Alieleza kwamba kifaa kile huhesabu mnururisho, yaani miale isiyoonekana inayotoka ndani ya baadhi ya mawe na udongo. Kenneth, aliyekaa dawati la mbele, alivuta kiti nyuma na kuuliza kama watadhurika. Bi Nasipwondi alitabasamu. Alisema ardhi imekuwa na mnururisho kidogo tangu kabla hajazaliwa mwanadamu, na kiasi hicho kidogo kimo hata kwenye kuta za nyumba zetu. Lakini upo pia mnururisho unaotokana na kazi za binadamu, na kuna mahali unakuwa mwingi hata ukadhuru. Alikisogeza kifaa kwenye ukuta wa matumbawe, kikalia polepole. Alikisogeza kwenye kipande cha jiwe alichotoka nacho bara, kikalia haraka kidogo. Darasa zima lilisikiliza.

"Kitu kisichoonekana si lazima kiwe kibaya," alisema, "na si lazima kiwe kizuri. Hatuwezi kujua kwa kukisia. Ndiyo maana tunapima."

Kisha akawaeleza kazi aliyowaletea. Petroli ya wakati ule ilitiwa madini ya risasi, na moshi wa magari uliyatawanya barabarani. Alitaka kujua ni kiasi gani kimo katika vumbi la kisiwa cha Mombasa, na wanafunzi wangemsaidia kulikusanya. Kifaa kile hakikuweza kupima risasi, kwa hiyo vumbi lingepelekwa maabara Nairobi. Kila wawili walipewa brashi, kitambaa na mifuko midogo ya nailoni. Masharti hayakuwa mengi, ila aliyarudia mara kwa mara. Waandike jina la mahali kwenye mfuko kabla ya kuufungua. Wafute brashi vizuri kabla ya kwenda mahali pengine. Na vumbi walichote pale pale walipoandika, si jirani yake.

Tumu alipangwa na Joy, binti wa mfanyakazi wa reli aliyeishi Tononoka. Sehemu yao ya kwanza ilikuwa ukingo wa barabara nje ya soko la Marikiti. Ya pili ilikuwa kichochoro cha kina Tumu. Bi Nasipwondi alikichagua kwa sababu hakikupitiwa na magari, na alihitaji mahali safi pa kulinganisha na barabara.

Huko Marikiti hamali mmoja aliyebeba mikungu ya ndizi aliwauliza tangu lini shule inafundisha kuiba vumbi, wakacheka wote. Walipofika Kibokoni, Joy alitaka wamalize upesi kwa kuwa jua lilikuwa kali. Tumu alikataa kuanza mpaka ameifuta brashi unywele kwa unywele. Aliandika "Kibokoni, mlangoni" kwenye mfuko, ndipo akaufungua na kuanza kuchota.

Bi Nasipwondi alirudi baada ya likizo na majibu ya maabara. Alichora ramani ya kisiwa ubaoni na kuandika kiasi cha risasi kilichopatikana kila mahali. Karibu na Ngome ya Yesu kilikuwa kidogo. Kandokando ya barabara kubwa kilipanda, kama alivyotarajia. Alipofika Kibokoni alisita, akaandika tarakimu iliyozidi zote, hata ya Marikiti.

Darasa likaanza kunong'ona. Mwalimu Musyoka aliitazama ramani, akakunja uso. Alisema kwamba bila shaka kuna watu waliochanganya mifuko, na macho yake yakawaangukia Tumu na Joy. Bi Nasipwondi hakukasirika. Aliwauliza kwa upole kama walibadilisha mifuko kwa bahati mbaya, kwa kuwa jambo kama hilo humtokea hata mtafiti mkubwa.

Joy alimwegemea Tumu akamnong'oneza wakubali tu, yaishe. Lilikuwa jibu rahisi. Hakuna ambaye angewaadhibu. Mwalimu angesema wawe waangalifu siku nyingine, na tarakimu ile mbaya ingefutwa ubaoni. Tumu alijua pia jambo ambalo wenzake hawakulijua. Alipoiona tarakimu ile ya risasi imeandikwa kando ya Kibokoni, aliiona mbele yake sufuria ya baba yake ikichemka. Akikubali kosa, hakuna atakayeuliza risasi ile ilitoka wapi.

Alisimama.

"Mwalimu, hatukuchanganya mifuko. Niliandika jina kabla ya kuufungua mfuko, na vumbi lile nililichota mlangoni kwetu."

Mwalimu Musyoka alimwuliza kama ana hakika. Akasema anayo. Bi Nasipwondi alichukua chaki na kuizungushia duara ile tarakimu badala ya kuifuta. Alisema ikiwa ni hivyo, atakwenda Kibokoni kesho yake alasiri, achote vumbi kwa mikono yake mwenyewe.

Jioni ile Tumu aliwaeleza wazazi wake kwamba watapata mgeni, na kwa nini. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkaripia. Alisema tu kwamba kazi ya chubwi aliirithi kwa baba yake, ndiyo iliyowasomesha na kuwavika, na watu wa utafiti huja wakaandika mambo kisha wakaenda zao, wakamwachia mwenye nyumba aibu. Kesho yake asubuhi aliumwagia ua maji, akausugua, akaifunika sufuria na jiko kwa gunia. Alimwomba Tumu asiseme neno asiloulizwa.

Alasiri Bi Nasipwondi alipiga hodi akiwa na Mwalimu Musyoka. Majirani walikuwa wamekwisha sikia habari za kifaa kinacholia, na wengine walidhani nyumba ya Bwana Shee imeingia sumu ya mabomu. Bi Nasipwondi aliwaita karibu, akakipitisha kifaa kwenye ukuta wa nyumba ile, kisha kwenye kuta zao wenyewe. Mlio ulikuwa ule ule, wa polepole. Wakatulia, wakarudi barazani mwao. Alipokwisha kuchota vumbi mlangoni na kwenye kona za sebule, alikaribishwa kahawa. Akiwa na kikombe mkononi, alimwuliza Bwana Shee anafanya kazi gani.

"Nauza vitu vya uvuvi," alijibu Bwana Shee.

Halikuwa jibu la uongo, ila halikuwa kamili. Mama alitazama mkeka. Aidarus alikuwa amelala juu yake, magoti ameyakunja tumboni. Tumu alimtazama mdogo wake, kisha akamtazama baba yake. Hakutaka kumvunjia heshima mbele ya wageni. Lakini hakuweza pia kukaa kimya.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "tafadhali mweleze habari ya tumbo la Aidarus. Pengine anajua linatokana na nini."

Bwana Shee alikiweka kikombe chini. Alimwangalia mwanawe aliyelala, akapitisha kiganja usoni. Kisha akainuka, akawaongoza wageni mpaka uani, akalivuta gunia. Aliwaonyesha sufuria, kalibu na betri zilizovunjwa. Alieleza kila kitu bila kubakisha, tangu jinsi anavyoyeyusha mpaka jinsi mtoto anavyozichezea chubwi na kuzinyonya.

Bi Nasipwondi alisikiliza, halafu akaeleza kwa maneno mepesi. Risasi ikichemka hutoa moshi, na moshi huo hutua kama vumbi sakafuni, vyomboni na mikononi. Mtu mzima hudhurika polepole. Mtoto mdogo, ambaye kila kitu hukipeleka kinywani, hudhurika upesi. Humuumiza tumbo, humnyima hamu ya chakula, na ikizidi huharibu akili yake. Hakumlaumu Bwana Shee. Alisema maradhi haya hayaonekani kwa macho, na mafundi wengi hawajawahi kuambiwa. Lakini mtoto apimwe damu bila kuchelewa.

Kesho yake Aidarus alipelekwa hospitali, na damu yake ikapelekwa Nairobi kupimwa. Majibu yalipokuja, yalionyesha kwamba risasi ilikuwa nyingi mwilini mwake. Daktari alisema wameshtuka mapema. Alimpa dawa, akawaagiza wampe maziwa na chakula kizuri, wamwoshe mikono mara nyingi, na zaidi ya yote, waiondoe risasi nyumbani. Tumu na wazazi wake nao walipimwa. Tumu alikutwa nayo kidogo, isiyohitaji dawa.

Bwana Shee aliziondoa betri na sufuria siku ile ile. Familia nzima ilifuta nyumba kwa matambara ya maji, kutoka darini mpaka uani, bila kutimua vumbi. Kwa muda fulani alikaa akifikiri atafanya kazi gani. Mwishowe alianza kumimina vipande vya saruji vyenye tundu katikati, vya kuzamishia nyavu, na kwa mishipi akatumia nati nzito za chuma kutoka gereji. Wavuvi walinung'unika mwanzoni kwamba vipande vya saruji ni vikubwa mno. Alivipunguza, akavilainisha kwa msasa, wakavizoea.

Taratibu Aidarus alirudi kuwa Aidarus. Asubuhi moja alimaliza mahamri yake, akamwibia Tumu la kwake, akakimbilia nje. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi.

Mwishoni mwa muhula Bi Nasipwondi alikuja kuaga, na Bwana Shee akaalikwa shuleni. Alisimama mbele ya darasa akiwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa, akawaeleza wanafunzi mwenyewe yaliyompata, na akawataka wamwambie mzee yeyote wanayemjua anayeyeyusha betri. Halafu Mwalimu Musyoka alisimama. Kwanza aliwaomba Tumu na Joy radhi kwa kudhani walizembea. Kisha akaligeukia darasa.

"Mara nyingi nimewafundisha kwamba mtu akikosea akiri," alisema. "Leo nawaongezea jambo. Kukiri kosa ambalo hukulifanya, ili watu wakuache kwa amani, huo nao ni uongo. Tumu alifanya kazi yake kwa makini, ndiyo maana alipoulizwa aliweza kuisimamia. Angekubali kwamba alikosea, tungefuta tarakimu ile, tukaandika kwamba kichochoro ni safi, na mtoto angeendelea kuugua. Pimeni kwa uangalifu. Na mkishapima, semeni mlichokipata, hata kama si kile tulichotaka kukisikia."

Bi Nasipwondi alimwita Tumu mbele na kumkabidhi chaki. Kwenye ramani aliyoichora tena ubaoni, kando ya Kibokoni, palikuwa na tarakimu mpya, ya vumbi lililochotwa baada ya nyumba kusafishwa. Ilikuwa ndogo kuliko ya Marikiti. Tumu aliisoma kwa sauti, akaizungushia duara, na darasa likampigia makofi. Bwana Shee hakupiga makofi. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, akimtazama binti yake kwa furaha asiyoweza kuificha.